Mjane wa Marehemu Sanaa

Jumamosi ya tarehe 14 Juni 2025 tulikutana tena, wahitimu wa chuo chetu cha ualimu wa mwaka 2017, katika ukumbi wa kukodi huko Shangani, kwetu kusini, na tangu nilipoingia mlangoni mpaka nilipotoka hakuna mtu hata mmoja aliyenitania. Nilipewa kiti cha mbele, chenye mto. Nililetewa soda kabla ya watu wengine wote, na binti aliyeileta alipiga goti. Wale waliokuwa wa Sayansi, ambao sasa wengine ni wakuu wa shule na walimu wa taaluma, walikuja kuniamkia mmoja mmoja kwa sauti ya chini, kama watu wanaoingia katika nyumba yenye mgonjwa. Wao kwa wao walikuwa wakitupiana maneno kama zamani. Nilimsikia mmoja akimuuliza mwenzake, "Wewe mkaanga vyura, hilo tumbo umelifanyia jaribio la nini?" Kicheko kikapita meza hadi meza, kikafika kwenye safu ya mbele tulipokaa sisi wa Sanaa, kikazimika. Mtu asiyetoka kusini angesema niliheshimiwa siku ile. Mimi nimekulia katika utani na ninaujua ulivyo. Mtani huachi kumtania kwa sababu amezeeka, wala kwa sababu amekuwa maskini au amefiwa. Hata msibani anataniwa, na huko ndiko anakotaniwa zaidi. Ukiona mtani amenyamaza, jua ameshakuhesabu miongoni mwa vitu visivyochekesha tena.

Nilianza masomo ya sekondari nikiwa na umri wa miaka thelathini na minne, katika madarasa ya jioni, nikafanya mitihani yote miwili mikubwa kama mtahiniwa wa kujitegemea, na niliingia chuoni mwezi Julai 2015 nikiwa na miaka arobaini na miwili. Siyataji haya ili nipongezwe. Nayataja kwa sababu mwaka 2017 wote, kwangu, ulikuwa na ukuta mmoja mbele yake, na ukuta huo ulikuwa tarehe 3 Machi 2018, siku ambayo ningetimiza miaka arobaini na mitano. Nilikuwa nimeuliza mapema, kwa mdomo wangu, katika ofisi inayohusika, na karani akanijibu bila kuinua uso: mwalimu mpya aliyefikisha umri huo, ajira ya Serikali imeshampita. Kwa hiyo nilijua hesabu yangu. Ningemaliza chuo mwezi Mei 2017, ningengojea nafasi zitangazwe, na zingepaswa kutangazwa kabla ya Machi. Nilikuwa nikisomea Kiswahili na Historia. Wakati huo bado niliamini kwamba nchi yenye watoto wengi namna ile haiwezi kukosa haja ya mtu wa kuwafundisha lugha yao wenyewe.

Chumba changu bwenini kilikuwa na vitanda viwili vya ghorofa, na kuta zake hazikufika kwenye paa, hivyo maneno ya chumba cha pili yalitumwagikia juu kama moshi. Tuliokaa humo tulikuwa wanne, wawili wa Sanaa na wawili wa Sayansi, naye matroni alituchanganya hivyo kwa makusudi akisema anataka amani. Hakuipata. Kwenye rafu ya pamoja sukari yangu ilikaa bega kwa bega na chupa yenye chura aliyelala katika dawa, mali ya Neema, msichana wa Kemia na Biolojia kutoka Masasi. Nilipolalamika alinijibu, "Mama, huyu hali sukari. Na hata akila, hasemi maneno mengi kama ninyi." Mchana wa jua kali chumba kilinuka dawa ya chura, sabuni ya kufulia na ming'oko iliyochemshwa, ile mizizi ya porini ambayo tuliinunua getini na kuimenya kwa meno juu ya madaftari. Nikiwa nimelala chali, nikitazama mabati, nilisikia wasichana wa chumba jirani wakinijadili: "Yule mama anasoma kwa sauti mpaka mimi nimejua Mkutano wa Berlin, nami ni mtu wa Fizikia." Nilifurahi kupita kiasi. Nilikuwa sijawahi kusikia mtu akiulalamikia usomaji wangu.

Utani wa Sayansi na Sanaa pale chuoni haukuwa na mwanzilishi. Wengi wetu tulikuwa watoto wa Wamakonde, Wamakua na Wayao, watu ambao hawawezi kukaa mahali pamoja bila kujua nani ana haki ya kumtukana nani, na walipokosa mpaka wa kabila walijitengenezea mwingine. Kila mwanachuo alipangiwa mtani wake wa upande wa pili tangu wiki ya kwanza. Mtani hakasirikiwi. Mtani haamkiwi shikamoo, hata akiwa na mvi. Mtani anaruhusiwa kuchukua kipande cha samaki kutoka katika sahani yako huku unamtazama, na ni yeye huyo anayelazimika kukubebea sanduku siku ya kuondoka na kukuchotea maji ukiugua. Mimi nilipangiwa Zuberi, kijana wa Fizikia na Hisabati mwenye miaka ishirini na miwili, kutoka Kilambo, ambako babu yake alivuka Mto Ruvuma na jembe akalima upande wetu mpaka akafa. Alikuwa mwembamba, ana shingo ndefu, na herufi ya "r" ilimshinda. Alilitamka jina lake mwenyewe Zubeli, na sisi wa Kiswahili tuliligeuza hilo kuwa kitoweo cha kila siku.

Bwaloni, tulipopanga foleni ya ugali na maharage, yeye ndiye aliyekuwa akinisubiri. "Mama Porojo," aliniita mbele ya watu wote, "leo umesoma nini?"

"Nimesoma Vita vya Majimaji."

"Wameshinda?"

"Hawajashinda."

"Basi kesho soma tena. Huenda wakashinda."

Foleni ilianguka kwa kicheko. Nilingoja kitulie, maana mtu mzima hapigi kelele, kisha nikamuuliza yeye alifanya nini maabara. Akasema walipima muda ambao jiwe linautumia kuanguka. "Likaanguka?" nikauliza. "Limeanguka." Nikamwambia, "Hilo hata mbuzi wa Kilambo analijua, Zubeli, na wala hajaomba mkopo." Wa Sanaa walipiga sahani kwa vijiko, mpishi akatoka na mwiko kutufukuza. Mdudu akionekana katika maharage, wa Sayansi walimtaja kwa jina lake la kitaalamu kisha wakamla. Sisi tulimtungia shairi la maombolezo, kisha tukamla pia. Mwezi Februari wa Sayansi walipopelekwa kituo cha utafiti cha Naliendele kujifunza magonjwa ya mikorosho walirudi na mifuko ya korosho za kukaanga, wakakaa barazani wakizitafuna polepole, na kila mmoja wetu aliyetaka alilazimishwa kwanza kueleza Sanaa imewahi kumponya mkorosho gani. Nilikataa kueleza. Nilisimama hapo, mikono nyuma, nikisema kwamba mimi ni mjane wa watu na sijawahi kuomba korosho kwa mtoto wa mtu. Zuberi alinizunguka akanijazia kiganja, halafu akageukia wenzake akasema, "Nimelisha kabila linalokaribia kutoweka."

Neno hilo la kutoweka walilipenda sana mwaka ule. Lilitoka redioni na katika mazungumzo ya watu mjini: walimu wa sayansi wanatafutwa, shule hazina mtu wa hisabati, maabara zimejengwa na zimefungwa kwa kufuli. Kuhusu sisi hakukuwa na neno lolote. Siku moja ya Machi nilikuwa nikianika kanga nyuma ya ofisi za wakufunzi, na dirisha lilikuwa wazi kwa sababu ya joto. Nilimtambua kwa sauti mkufunzi wetu wa Historia, na mwenzake wa taaluma akimuuliza wa Sanaa mwaka huu ni wangapi.

"Wengi kuliko madawati."

"Tunawafundisha waende wapi?"

"Mwenzangu, wewe fundisha. Mahali pa kwenda watapajua wao."

Kijiko kikagonga kikombe. Kisha yule wa Historia akasema, "Yule mama mtu mzima ndiye anayeniuma. Anasoma kama mtu anayekimbizwa." Mwenzake akajibu, "Si anakimbizwa kweli?" Nilimaliza kuanika. Nilibana kila kanga kwa vibanio viwili, nikazinyoosha pindo, nikarudi bwenini kwa njia ya mbele nikapita dirishani pao nikiwa nimenyoosha mgongo, wakaniamkia, nikaitikia. Sikumweleza mtu. Jioni ile nilimsikiliza Neema akikariri viungo vya chura, kimoja kimoja, na kwa mara ya kwanza nilimwonea wivu, si kwa ujuzi wake bali kwa utulivu wake. Alikuwa akikariri kitu ambacho watu walikuwa wakikingojea.

Kila mwaka, Jumamosi moja kabla ya mitihani ya mwisho, Sayansi waliizika Sanaa. Mwaka wetu siku hiyo iliangukia tarehe 29 Aprili 2017. Utaratibu ulijulikana. Boksi la televisheni lilijazwa magazeti ya zamani na kandambili moja iliyokatika, likafunikwa shuka la bweni. Watu wa Sayansi, wakiwa katika makoti yao meupe ya maabara, walilibeba kuzunguka uwanja. Sisi tulilia, tulilala njiani kuzuia jeneza lisipite mpaka tulipwe kwa pipi, na wakufunzi walikaa kwenye viti wakicheka. Sala na maandiko havikuguswa, hilo lilikatazwa na wote walilitii. Marehemu alihitaji mjane, na siku zote mjane alikuwa kijana wa kiume aliyefungwa kanga, akijitupa chini na kupiga mayowe. Lakini mwaka ule, mchana wa Ijumaa bwaloni, Zuberi alisimama juu ya benchi akasema, "Mwaka huu hatuhitaji mjane wa bandia. Tunaye wa kweli."

Vijiko vilisimama. Kiongozi wetu wa Sanaa, kijana mwenye hasira za karibu, aliinuka akamwambia ashuke wakaongee nje. Neema alijifunika uso. Mume wangu alifariki tarehe 19 Agosti 2009, nilikaa eda yake yote bila kupunguza hata siku, na katika chuo kile hakuna aliyewahi kulitamka jambo hilo mbele yangu ila kwa kuinamisha kichwa. Nilimtazama Zuberi pale juu ya benchi. Uso wake ulikuwa umeanza kubadilika, nikaona kwamba alikuwa ameruka kabla ya kutazama anapotua. Nikasema, "Kaeni nyote. Mtani hakasirikiwi. Mimi ni mjane wa Sanaa, na nitamlilia kuliko mlivyowahi kuona analiliwa mtu."

Basi kesho yake nilikaa. Sikujitupa wala kupiga yowe. Nilitandika mkeka wangu kwenye ukuta wa bwalo, nikavaa nguo nyeupe, nikakaa miguu nimeikunja upande mmoja na macho nimeyateremsha, kama nilivyokaa mwaka 2009, kwa sababu sikujua namna nyingine ya kukaa. Wanafunzi waliokuja wakicheka walifika mbele yangu wakapunguza sauti. Wengine walisema pole wakiwa wanamaanisha, kisha wakashtuka wenyewe. Ilimbidi Zuberi aokoe sherehe, maana ndiyo kazi ya mtani. Alichuchumaa mbele ya mkeka na koti lake jeupe lenye doa la zambarau kifuani, akaanza kwa sauti ya watu wote:

"Pole, mjane. Marehemu amekuachia nini?"

"Ameniachia maneno."

"Maneno yanapikwa na nini?"

"Na moto mliouvumbua ninyi. Bila mtu wa kuwasimulia mlivyouvumbua, mngekuwa mmeshausahau."

Wa Sanaa wakapiga makofi. Watu wakasogea, mzunguko ukabana, hata mpishi akaja na mwiko wake. Zuberi akaendelea, "Sasa utaolewa na nani, mjane? Bado una nguvu."

Sikuwa nimepanga jibu. Lilitoka lenyewe. "Nitaolewa na Serikali."

"Ewaa! Ameshaleta posa?"

"Naingoja."

"Utaingoja mpaka lini?"

"Mpaka tarehe tatu Machi."

Wakacheka kwa sababu ya tarehe, namna nilivyoitamka kama mtu aliyeshapewa miadi. Ni Neema peke yake, niliyemdokezea usiku mmoja bwenini, aliyeijua maana yake, na nilimwona akiacha kucheka. Zuberi alijirusha nyuma akaanguka chali mchangani, mikono kifuani, akapaza sauti mpaka wakufunzi walioko vitini wakasikia: "Jamani, mwambieni mama wa watu! Serikali haioi wazee!"

Sijawahi kusikia kicheko kikubwa kama kile tangu hapo. Na mimi nilicheka. Nataka hilo lieleweke na wanaosoma ukurasa huu, kwa sababu baadaye vijana wale walikuja kudhani kwamba waliniumiza siku ile, na huenda ndiyo maana wanaleta soda kwa magoti. Hawakuniumiza. Nilikuwa nimebeba tarehe ile kwa miezi bila kuitamka hadharani, nikaiweka mkekani, na watu karibu mia wakaicheka, ikawa nyepesi kwa muda wa mchana mmoja. Tulilizika boksi nyuma ya shamba la mihogo la chuo. Zuberi alinirudishia mkeka bwenini akiwa ameubeba kichwani, akinitukana njia nzima.

Mitihani ilianza Mei. Nilifaulu vizuri, nilikuwa wa pili katika Kiswahili kwa chuo kizima, na cheti ninacho. Nilirudi nyumbani Chuno, katika nyumba ya vyumba viwili, nikaanza kufundisha watoto wa jirani tuisheni barazani huku nikingoja. Wazazi walikuja na swali moja: "Hisabati unafundisha?" Nilipojibu ninachofundisha, walitazamana, wengine waliacha watoto wao kwa heshima, wengi waliwachukua. Kisha tangazo la ajira likatoka, nalo lilitaja masomo ya sayansi na hisabati, na likaishia hapo. Neema alipangiwa shule, Zuberi alipangiwa shule, wote wa makoti meupe walitawanyika nchini ndani ya wiki chache, na kwenye kundi letu la simu pongezi zilijaa mpaka nikaizima simu ichaji. Nilimwuliza yule karani tena. Alisema wa sanaa watafikiriwa. Nilimwuliza lini, akaniuliza umri wangu, nikamtajia, akavuta pumzi.

Jumapili ya tarehe 10 Desemba 2017, shule zikiwa zimefungwa, Zuberi alinitembelea. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, ameongezeka mwili kidogo, na aliponiona uani alisimama akasema, "Shikamoo, mama." Nilimwambia aache upuuzi, aingie. Nilipika wali na pweza wa nazi. Alikula akichukua cha upande wake wa sinia tu, na kipande kizuri cha pweza kilikaa upande wangu wa sinia mpaka kikapoa. Nilimsukumia mimi mwenyewe. Nikamwuliza habari za mawe yake, kama bado yanaanguka. Akatabasamu akitazama chini. "Yanaanguka, mama."

"Zuberi, nitanie."

"Nimeacha, mama. Nimekua."

Hakuwa mwongo, ila halikuwa jibu. Aliuzungusha mkono wake katika maji ya kunawa muda mrefu kuliko ulivyohitaji, kisha akaeleza lililomleta. Shuleni kwao hapakuwa na mwalimu wa Kiswahili tangu mwezi Agosti. Aliyekuwepo alihamishwa na hakuletwa mwingine, kwa sababu wa sanaa hawakuajiriwa. Mkuu wake alimwita ofisini akamwambia kwamba kuanzia Januari, pamoja na Fizikia na Hisabati, atabeba Kiswahili cha kidato cha kwanza na cha pili. "Nikamwambia mimi hata jina langu silitamki vizuri," alisema. "Akaniambia nitafute msaada. Nikaona sina mwingine wa kumwendea ila wewe."

Nje watoto walikuwa wakigombania tairi. Nafasi niliyokuwa nikiingojea ilikuwepo, ina darasa, ina watoto, ina ubao, na ilikuwa imekuja kukaa kwenye mkeka wangu na mikono inayonuka pweza ikiniomba niifundishe. Ningeweza kukataa. Nilisimama, nikaleta vitabu vyangu na maandalio yangu yote ya somo ya miaka miwili, nikapangusa meza. Tulifanya kazi mpaka adhana ya alasiri na baada yake. Alikuwa mwanafunzi mzuri. Aliuliza kwa mpangilio, akaandika kwa mwandiko safi wa watu wa hesabu, na jambo alilolielewa hakulirudia. Nilimwonyesha namna ya kumsomea mtoto hadithi bila kuiua, na namna ya kumsahihisha bila kumfunga mdomo. Alipoondoka nilimpa vitabu vyote, kwa kuwa kwangu vilikuwa vikilisha mchwa. Alivibeba kwa mikono miwili.

Januari ilipita, na Februari. Tarehe 3 Machi 2018 ilikuwa Jumamosi. Niliamka nikafagia baraza kama kawaida, na watoto wangu watatu wa tuisheni hawakuja kwa sababu palikuwa na harusi mtaani. Mnamo saa tano hivi simu iliita, na alikuwa Zuberi. Hakuijua siku ile ni siku gani. Ile ya mkekani aliichukulia kuwa mzaha, na mimi sikuwa nimewahi kumwambia vinginevyo. Alikuwa akiandaa somo la Jumatatu, alisema, na alikuwa amekwama. Watoto wake wanaweza kusema, lakini akiwaambia waandike insha wanakaa wakitazama karatasi tupu. Waanze wapi? Nilikaa kizingitini nikamweleza: usiwape kichwa cha habari kwanza, waambie wakuandikie kitu kimoja walichokiona asubuhi wakija shuleni, kimoja tu, na usiwaambie kwamba hiyo ni insha mpaka wamalize. Mtandao ulikatika katikati, akapiga tena, nikaanza upya. Alisema sasa ameelewa. Nikamtakia kazi njema, naye akakata simu akaenda kuandika.